Buku Jero

Watu wakisikia nina nyumba ya kupangisha Chanika, wananiita tajiri. Vyumba vinne, 50,000 kimoja kwa mwezi: laki mbili. Mtu ananyamaza kidogo, anapiga hesabu kimoyomoyo, halafu ananikopa. Hakuna anayeuliza mwaka jana hiyo laki mbili ilitimia mara ngapi. Nitajibu bila kuulizwa: sikumbuki.

Nilikuwa nataka kodi ya miezi sita. Dalali akanicheka. "Mzee, mtaa umejaa vyumba, chukua mitatu." Nikachukua mitatu. Yeye akachukua mwezi wake mmoja kwa mpangaji, papo hapo, taslimu. Katika biashara hii, asiyecheleweshewa pesa wala kupigiwa simu saa sita usiku ni dalali peke yake, na hana hata tofali moja.

Mengine niliyataka mwenyewe kwa ubahili. Nilipojenga nilivuta LUKU moja kwa nyumba nzima, nikasema watachangiana. Namba 1 ana taa na redio. Namba 2 ana feni. Namba 4 ni kijana anayetoka alfajiri na kurudi usiku, anachaji simu tu, kwa maelezo yake. Namba 3 ni mama mchapakazi, kaingiza friza la barafu za ubuyu. Limekaa mlangoni linanguruma kama daladala inayosubiri abiria. Mchango ni sawa kwa wote. Uniti zikipita 75 kwa mwezi bei inapaa, na kwetu zinapita mwezi haujafika hata nusu.

Nimeitwa mara tatu kusuluhisha. Mara zote nimefika nimefura, na mara zote mama kanipokea, "Shikamoo baba, pole na jua," barafu mbili mkononi. Nikakalia ndoo, nikanyonya, kesi ikaahirishwa.

Sasa kuna hili la buku jero. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Kwa nyumba ya kawaida kama yangu ni 1,500 kwa mwezi. Kodi ni ya mwenye nyumba, sibishi. Ila anayenunua umeme ni mpangaji, kwa hiyo akija kunilipa anaikata kwenye kodi ya chumba. Haki yake kabisa. Shida ni kwamba serikali inakata mara moja, mimi nakatwa mara nne. Namba 1 kanionyesha meseji ya manunuzi. Namba 2 kanionyesha meseji ileile, katumiwa na namba 1. Namba 4 kaja na picha ya simu ya namba 2, kidole gumba kinaonekana. Nikauliza, "Jamani, aliyenunua hasa ni nani?" Kimya. Kisha mama wa friza, kwa upole uleule: "Baba, si ulisema tuchangiane?"

Ya chemba sitayasimulia sana, huenda unasoma huku unakula. Ilijaa Idi mosi. Gari la kunyonya halikuenea kwenye uchochoro, ikabidi nilipie mipira ya kuungia, na jirani ambaye mpira ulikatiza uani kwake akataka ya soda. Nikampa. Akasema soda siku hizi imepanda.

Wanaonisubiri nihamie kwangu niwafukuze wote wasubiri sana. Mimi mwenyewe nimepanga Sinza, maana ukilala Chanika na kazi iko Kariakoo unaamka na wanga. Juzi nilinunua umeme, na mimi nikakatwa 1,500 ya mwenye nyumba. Ni mzee mpole, kodi yake anaihesabu kwenye daftari la mkono. LUKU ni moja, wapangaji tuko watano, na meseji nimeshaiweka kwenye grupu letu.