Flamingo Asiye na Kichwa

Tuliambiwa tuhesabu vidole: mkono ukiwa na sita, picha hiyo ni ya akili mnemba. Shangazi yangu, kwenye grupu la ukoo, akawa anakagua mikono ya mabwana harusi kama karani wa sensa. Machi 2023 ikapita picha ya akili mnemba ya Papa Francis akiwa na koti jeupe lililofura kama mto. Watu wakamsifu kwa kujua kuvaa, wachache ndio waliouona ule mkono ulioshika kikombe bila kukishika.

Sasa mashine zimejifunza kuhesabu hadi tano, nasi tumepata ugonjwa mwingine: kila cha ajabu ni cha kompyuta. Mwaka 2024 Miles Astray alipeleka picha halisi ya flamingo kwenye shindano la 1839 Awards, katika kundi la picha za akili mnemba. Ndege alikuwa anajikuna tumbo, kichwa hakionekani. Waamuzi wakaipa nafasi ya tatu, na kwenye kura za watu ikashinda. Alipokiri kwamba ndege ni wa kweli, tena kichwa anacho, wakaiondoa.

Shangazi naye juzi kaikataa picha yangu ya pasipoti. Eti nimependeza mno.