Sifa za Jaa la Mtaa Wetu

Washairi wa pwani wamesifu jahazi, mnazi, mkarafuu na macho ya wawapendao, lakini sijapata kusikia hata mmoja aliyeketi akalitungia jaa beti mbili, ingawa hapana mji wa pwani usio nalo. Dhuluma hiyo nimekusudia kuipunguza leo kwa kadiri ya uwezo wangu, nami sitakwenda mbali: liko jaa kwenye kona ya mtaa wetu hapa Dar es Salaam, baina ya nguzo ya umeme na ukuta wa nyumba ya bi mkubwa mmoja, ambaye aliandikisha kwa rangi nyekundu kwamba ni marufuku kutupa taka mahali hapo, maandishi ambayo siku hizi husomeka mistari ya juu tu.

Fadhila ya kwanza ya jaa ni uwazi wa hesabu zake. Atakaye kujua mapato na matumizi ya halmashauri hana budi kungoja mbao za matangazo, vikao vya baraza la madiwani, na taarifa nene ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambamo kila halmashauri hupewa hati yake. Nayo hati ikiwa safi, si lazima mji uwe safi, kwa kuwa usafi unaotajwa ni wa vitabu, si wa mitaro. Jaa halina kabati wala muhuri. Juzi nilisimama mbele yake, pua nimeiziba kwa leso, nikalisoma kama karani asomavyo daftari: mifupa ya pilau ya harusi ya Jumamosi, vifuu, matumbo ya samaki, kandambili moja ya mguu wa kushoto, na godoro lililopasuka ubavu ambamo kuku wa jirani alikuwa ametaga mayai matatu. Kila kilichoingia kilikuwa kimeandikwa. Na upande wa kutoka, yaani gari la taka, ulikuwa mtupu kwa wiki ya tatu, bila ya kufutwafutwa wala kuombewa radhi. Ni hesabu gani nyingine ya umma isomwayo na asiyejua kusoma, na kunuswa hata na kipofu?

Kisha na alitazame mtu kwa jicho la historia. Serikali za mitaa zilivunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Za mijini zikarejeshwa mwaka 1978. Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ikavunjwa mwaka 1996, Tume ya Jiji ikashika hatamu mpaka mwaka 2000, zikaja manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke, na mnamo Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa tena, Ilala ikavikwa cheo cha jiji. Wote hao walikuja na kwenda, kila mmoja na barua zake. Jaa halikuvunjwa hata siku moja. Lilipata kushitakiwa, ni kweli: mwaka 1988 wakazi wa Tabata, waliochoshwa na moshi na nzi wa dampo la jiji, waliipeleka halmashauri Mahakama Kuu wakashinda, na halmashauri iliyoshindwa ikafanya afanyavyo mdeni yeyote mwenye adabu, ikaomba muda.

Watumishi wake nao wastahili taadhima. Katika miaka ya 1890 kunguru wa Bara Hindi waliletwa Zanzibar ili wasaidie kuondoa taka za mji, nao wakavuka bahari wakaenea pwani hata kuwa balaa kwa ndege wengine. Alfajiri wako kazini kabla muadhini hajamaliza; hawadai posho ya kikao; na ikiwa kazi waliyoitiwa haijakwisha kwa zaidi ya miaka 120, katika hilo hawakuwapita waajiri wao.

Wapo waulizao fedha zetu zakwenda wapi. Mimi ni mpangaji, na katika nyumba ninayolala sina hata tofali moja, lakini tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa katika LUKU, na anunuaye umeme ndiye aitoaye: kwa nyumba ya kawaida shilingi 1,000 kila mwezi hapo mwanzo, kisha 1,500 tangu Julai 2023. Nikaambiwa nimdai mwenye nyumba. Nilimdai, naye akanikumbusha kwa upole kwamba pango nalo laweza kupanda. Juu ya hiyo iko hela ya taka, ambayo kijana mwenye kitabu cha stakabadhi huifuata mlango kwa mlango kila mwanzo wa mwezi, mvua isimzuie, na laiti lori lingekuwa na nusu ya bidii yake nisingekuwa na cha kuandika. Kwa fedha zote hizo kitu kimoja tu naweza kukionyesha kwa kidole nikasema kina sehemu yangu, nacho ni jaa. Kwani barabara husemwa ni ya TARURA, maji ni ya mamlaka nyingine, na taa ya nguzoni haina mwenyewe.

Mwezi uliopita ilienea habari kwamba kiongozi fulani atapita. Usiku lori likaja, na asubuhi kona ilikuwa tupu, imemwagiwa chokaa, maandishi mekundu yakisomeka mpaka mstari wa mwisho, ambao ulitaja faini tusiyopata kuijua kiasi chake. Siku nzima tulipita hapo tukisemea chini kama watu waliofiwa. Baada ya isha nikatoka na ndoo yangu, nikidhani niko peke yangu, nikamkuta bi mkubwa mwenye ukuta amesimama gizani, kitu kikubwa kimefunikwa kwa kanga mkononi mwake.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu,” akajibu, akinisogelea. “Anza wewe.”