Hotuba ya Bingwa wa Bahati Nasibu

Mheshimiwa mgeni rasmi (ambaye hakufika, nami ninakaimu nafasi yake), viongozi wa serikali ya mtaa, wazee wetu, kina mama, na nyinyi vijana mnaopanga viti huko nyuma: itifaki imezingatiwa.

Nimepewa dakika tano. Nimejiongezea. Mada ni kuchangisha fedha za kituo cha vijana kwa bahati nasibu, na katika Temeke nzima hakuna aliyebobea kunizidi. Mke wangu angethibitisha, ila leo amesema ana nguo za kufua.

Tuanze na historia. Mwaka 1567 Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza alitangaza bahati nasibu ili apate fedha za kutengeneza bandari. Tiketi moja iliuzwa shilingi 10 za wakati ule, mwananchi wa kawaida hakuiweza, na ilipochezeshwa mwaka 1569 tiketi nyingi zilikuwa zimedoda. Niliposoma hayo nikasema huyu mama alikosa mshauri tu. Ya kwangu nikaiuza shilingi 5,000.

Nilichapisha tiketi 1,000, za rangi, picha yangu mbele, na nyuma picha yangu nikiwa nimegeuka kidogo. Mchapaji akauliza neno "vijana" alipachike wapi. Nikamwambia atazame penye nafasi. Akalipachika kwenye kishina, kile kipande ambacho mnunuzi hapewi.

Maadui hawakukosekana. Mtendaji alinikumbusha kwamba kwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 huwezi kuchezesha bila leseni ya Bodi, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Nikamjibu kisomi: leseni ni karatasi, na karatasi ninazo, vyeti vinne vya semina, kimoja kina muhuri kabisa. Kuhusu umri, wateja wangu wakubwa walikuwa watoto wa darasa la sita, waliochangiana watano watano kwa tiketi moja. Kama watu wazima wa mtaa huu hawana maono, kosa si langu.

Sasa pikipiki, zawadi ya kwanza. Tuliiegesha mbele ya meza kuu, imefungwa utepe mwekundu kwenye usukani. Wapo wanaonong'ona kwamba ilikuwa ya kuazima kutoka kijiwe cha bodaboda. Kitaalamu inaitwa zawadi ya kielelezo. Kijana mwenyewe nilimwambia nusu saa, lakini utangulizi wangu ulinoga, nikafika saa mbili. Ilipogonga saa kumi na mbili jioni akaja, akaukata utepe kwa meno, akasema bosi anasubiri hesabu yake, akapiga kiki, huyoo! Umati ukashangilia. Mimi nilikuwa nimepigiwa makofi mara moja tu, nilipokohoa wakadhani nimemaliza.

Hata hivyo nilichezesha. Kwa kuzingatia haki, nilitumbukiza ndooni vishina vyote, vya tiketi zilizouzwa na zisizouzwa. Ikatoka namba 0613. Tiketi yake ilikuwa nyumbani kwangu, chini ya godoro. Kwa hiyo, ndugu zangu, na nalisema hili kwa masikitiko, kituo cha vijana kinanidai mimi kituo, lakini mimi nakidai pikipiki.

Mapato: tiketi 96, sawa na shilingi 480,000. Matumizi: uchapaji 250,000, viti na kipaza sauti 120,000, suti hii mnayoiona 90,000. Baki ni 20,000, nayo imenunua pampu ya mpira. Mpira wenyewe uko kwenye awamu ya pili.

Awamu ya pili inaanza leo. Tiketi 903 zipo, nimeiondoa ile moja yenye bahati. Bei ni ileile, fedha taslimu, na mkopo hakuna. Na nyinyi vijana, mkisharudisha viti, pampu iko kwangu: anayeihitaji aje na barua ya mjumbe.