Ngoma Isiyo na Kwao

Katika nchi za kaskazini, ambako maziwa huganda hadi mnyama mzito akavuka kwa miguu, kila kijiji kilitamani kuwa na ngoma yake. Ngoma hiyo ilikuwa timu ya hoki ya barafuni. Wachezaji walivaa viatu vya kutelezea, wakashika magongo, na usiku wa ngoma kijiji kizima kiliacha shughuli zake kikaenda ukumbini. Juu ya ngoma zote lilikaa Baraza la Barafu, ambalo leo lina viti 32, na mwenyekiti wake alikuwa Kulungu Mkuu, mwenye pembe pana na sauti ya upole. Kila ngoma ilikuwa na kijiji kilichoishangilia. Ilikuwa pia na mwenyewe, na huyo kwa kawaida alikuwa Mbweha.

Mwaka 1979 Baraza lilifungua mlango, ngoma nne zikaingia kwa pamoja: ya Edmonton, ya Winnipeg, ya Quebec na ya Hartford. Vijiji vinne vilikesha kwa shangwe. Wazee waliwaambia watoto kwamba mcheza kwao hutunzwa, na watoto wakaamini kuwa ngoma zimepata kwao.

Winnipeg ni kijiji cha dubu. Majira ya baridi ni marefu huko na usiku huingia mapema, hivyo ngoma ndiyo iliyowatoa majumbani na kuwakutanisha. Mwaka 1987, msimu wa kuwania kombe ulipofika, dubu wote waliingia ukumbini wamevaa nyeupe. Tangu hapo ikawa desturi. Katika umati ule mweupe hukuweza kumtambua tajiri wala mnyonge, mwenye duka wala mfagiaji.

Mbweha akaja na daftari lake. "Ndugu zangu dubu," akasema, "wachezaji wanalipwa kwa dola ya Marekani, nanyi mnanilipa kwa dola ya Kanada, ambayo ni nyepesi. Halafu ukumbi huu umechakaa. Nisipopata mpya, nitakwenda panaponifaa."

Hesabu yake haikuwa ya uongo. Dola ya Kanada ilikuwa imeshuka kweli, na mishahara ya wachezaji ilikuwa ikipanda. Mwaka 1995 dubu walijaa barabarani, wakachangishana, watoto wakavunja vibubu vyao. Fedha hazikutosha. Mwaka 1996 ngoma ikafungwa mizigo, ikapelekwa Phoenix, jangwani Arizona, ikapewa jina jingine.

Usiku ule dubu mdogo alimwendea bibi yake. "Bibi, ngoma ilikuwa ya nani?"

"Yetu, mjukuu wangu."

"Kama ni yetu, mbona Mbweha ameondoka nayo?"

Bibi Dubu akafikiri, kisha akamjibu kama mtu mzima: "Mapenzi yalikuwa yetu. Hati ilikuwa yake."

Msiba huo haukuwa wa dubu peke yao. Mwaka mmoja kabla, bundi weupe wa Quebec walipokonywa ngoma yao, ikapelekwa Denver. Walikuwa wameilea miaka ya kushindwa, wakiwavumilia wachezaji vijana wakue. Ngoma ilipofika Denver ilitwaa kombe kuu la Baraza, Kombe la Stanley, mwaka 1996, msimu wake wa kwanza huko. Bundi waliona wageni wakivuna shamba walilopalilia wao. Mwaka 1997 ngoma ya nyangumi wa Hartford nayo ikashuka kusini hadi North Carolina. Kati ya ngoma nne zilizoingia siku moja, ilibaki nyumbani moja tu, ya kondoo wa Edmonton.

Huko jangwani, wengi walicheka kwamba kobe wa Phoenix hawajui barafu. Walikosea. Kobe waliipokea ngoma kwa moyo mweupe. Watoto wao walijifunza kuteleza katika mji ambao kiangazi chake huchoma nyayo. Mmoja wa waliolelewa huko, Auston Matthews wa Scottsdale, alianza kuipenda hoki kwa kutazama ngoma hiyo, na mwaka 2016 alichaguliwa wa kwanza kabisa kati ya vijana wote walioingia ligi ya Baraza. Jangwa halikukosa mapenzi. Lililokosekana ni mwenye ngoma anayetulia mahali pamoja.

Desemba 2003 ngoma ilihamia ukumbi mpya uliojengwa na mji wa Glendale, mbali magharibi, ambako mashabiki wengi walifika kwa safari ndefu baada ya kazi. Mwaka 2009 ikafilisika. Tajiri mmoja wa Kanada alitaka kuipeleka Hamilton, mahakama ikakataa, na Baraza lenyewe likainunua. Kisha Baraza likaugeukia mji wa Glendale likisema: fidieni hasara, la sivyo ngoma inaondoka. Kwa miaka miwili mji ule ulilipa dola milioni 25 kila mwaka, huku bajeti yake ya huduma za wananchi ikibanwa.

Glendale ilipochoka kubembeleza, ngoma ilitolewa ukumbini. Kuanzia mwaka 2022 ilichezea ukumbi wa chuo kikuu mjini Tempe, wenye viti visivyofika 5,000. Mbweha wa wakati huo akawaomba kobe wa Tempe wakubali mradi wa ukumbi mpya. Tarehe 16 Mei 2023 wakapiga kura, wakakataa. Wapo waliowalaumu, lakini kobe anaishi miaka mingi na alikuwa amekwisha kuona yaliyompata jirani yake.

Tarehe 17 Aprili 2024 ngoma ya jangwani ilipigwa kwa mara ya mwisho. Wachezaji waliishinda Edmonton mabao 5 kwa 2, na kobe walibaki vitini baada ya taa kuwashwa. Baada ya hapo wachezaji wakapelekwa Salt Lake City kwa nyuki wa Utah, kwa bei ya dola bilioni 1.2. Jina likaachwa mchangani. Nyuki hawana kosa, nao wanaipenda ngoma waliyoipata. Hata hivyo katika kila hati iliyotiwa saini, kobe hawakuwa na mstari wao.

Turudi kwa dubu. Mwaka 2011, miaka 15 baada ya msiba wao, habari ilifika kwamba ngoma inakuja tena. Baraza lilitaka tiketi 13,000 za msimu zinunuliwe kama dhamana, na dubu wakazimaliza upesi. Mabango yakapandishwa, nguo nyeupe zikatolewa masandukuni. Yule dubu mdogo, sasa baba wa watoto, alikimbia kumpa bibi yake habari.

"Imetoka wapi?" Bibi akauliza.

"Atlanta, Bibi."

Atlanta ni kijiji cha ndege, na hii ilikuwa mara yao ya pili kunyang'anywa. Ngoma yao ya kwanza ilichukuliwa mwaka 1980 ikapelekwa Calgary. Bibi Dubu alifurahi, kwa kuwa alikuwa ameisubiri siku hiyo muda mrefu. Alivaa nyeupe yake na kwenda ukumbini. Njiani alimshika mjukuu wake mkono akamwambia, "Leo huko Atlanta kuna mtoto anayemuuliza bibi yake swali uliloniuliza wewe. Shangilia, mwanangu, ila usimsahau."

Miaka ikapita. Katika makao makuu ya Baraza, Kulungu Mkuu alikuwa na karatasi aliyoitunza kuliko zote. Iliandikwa majina ya vijiji visivyo na ngoma. Karani wake, Sungura wa Theluji, aliisoma akashangaa.

"Mheshimiwa, naona bundi wa Quebec wamejenga ukumbi wa watu 18,000 kwa fedha za umma, zaidi ya dola milioni 300 za Kanada. Ulifunguliwa Septemba 2015. Waliomba ngoma mwaka huohuo, na mwaka uliofuata tukawaambia wasubiri. Ukumbi upo, mashabiki wapo. Tunangoja nini?"

"Soma kiingilio," akasema Kulungu.

Sungura akasoma. Nashville, iliyoanza kucheza mwaka 1998, ilitoa dola milioni 80. Las Vegas, iliyoanza mwaka 2017, ilitoa milioni 500. Seattle, iliyoanza mwaka 2021, ilitoa milioni 650.

"Bei hupanda kwa sababu walio nje ni wengi na milango ni michache," Kulungu akaeleza. "Zaidi ya hayo, kijiji kisicho na ngoma kinatufanyia kazi kila siku bila mshahara. Mbweha akitaka ukumbi, anakitazama tu, na kijiji anachokaa kinaanza kutoa fedha. Siku kila kijiji kitakapokuwa na ngoma, Mbweha atamtishia nani?"

Sungura akaikunja karatasi. Usiku alisafiri hadi Winnipeg, akawasimulia dubu kila neno. Bibi Dubu akatuma wajumbe kila pembe, na vijiji vilivyofiwa vikakutana huko Winnipeg, kando ya Mto Mwekundu. Bundi walifika, ndege wa Atlanta walifika, kobe wakafika wakiwa wa mwisho, na nyangumi wakamtuma shakwe awasemee. Walikuja pia wageni wasiotarajiwa: ng'ombe wa pembe ndefu kutoka Houston.

"Shikamoo, Bibi," mkubwa wao akasema. "Mbweha ametutembelea. Anatuambia mji wetu ni mkubwa, una mali, na unastahili ngoma. Tumekuja kuuliza kwenu kabla hatujamjibu."

"Marahaba, wanangu. Mmefanya vyema kuuliza. Lakini wa kuwajibu si sisi tuliopoteza. Ni huyu."

Akasimama kondoo mzee wa Edmonton, kijiji pekee kati ya vile vinne vya mwaka 1979 ambacho ngoma yake haijawahi kuondoka.

"Msidhani tulipendwa kuliko dubu," akaanza. "Wala msidhani tulipenda kuliko bundi. Mwaka 1998 Mbweha wetu alikuwa na madeni, na mnunuzi alikwisha kupatikana. Ngoma ilikuwa inakuja kwenu, ndugu zangu wa Houston."

Ng'ombe wakatazamana.

"Kilichotuokoa ni karatasi. Miaka minne kabla, katika mkataba wa ukumbi, kijiji kilisisitiza sharti moja: ngoma ikiuzwa, wenyeji wapewe nafasi ya kuinunua kwanza, kwa dola za Marekani milioni 70. Muda ulikuwa mfupi. Tukahangaika, tukabisha hodi kila mlango, na wenyeji zaidi ya 30 wakaunganisha mali zao wakainunua. Majirani zangu walilia kama sisi tulivyokuwa tayari kulia. Tofauti ni kwamba sisi tulikuwa tumeandikiana."

"Kwa hiyo mko salama milele?" akauliza shakwe.

"Hapana, na ni lazima niwaambie hilo pia. Mwaka 2008 wenye hisa waliuza kwa mtu mmoja. Mwaka 2012, tulipokuwa tukijadiliana kuhusu ukumbi mpya, huyo mmoja alikwenda Seattle, na Seattle wakati huo haikuwa na ngoma. Kijiji kikatetemeka. Baadaye alituomba radhi, na ukumbi ukajengwa, sehemu kubwa kwa fedha za umma. Mkataba ni ua. Usipoutengeneza kila msimu, mbwa mwitu hupita."

Mzee wa kobe akainua kichwa. "Hesabu ya Mbweha naiona hivi. Tukijenga ukumbi kwa kodi zetu, tunanunua nyumba. Mbweha ana ufunguo. Kila ngoma inapopanda thamani, faida ni yake peke yake, na hasara ikija tunaitwa jamaa."

"Sasa basi, Bibi," ng'ombe wakauliza, "tuikatae ngoma?"

Bibi Dubu akatikisa kichwa. "Msiikatae. Ngoma ni neema. Nimeona wajane wakipata sababu ya kutoka nyumbani, na watoto wa vijiji vya mbali wakizungumza lugha moja katika ukumbi mmoja. Wapendeni wachezaji, wafundisheni watoto kuteleza. Ila kabla ya tofali la kwanza, andikeni mambo matatu. Kijiji kikitoa fedha, kipewe hisa na sauti. Ngoma ikiuzwa, wenyeji wawe wa kwanza kuulizwa, na wapewe muda wa kutosha kujipanga. Ikiondoka licha ya hayo yote, jina, rangi na kumbukumbu zibaki, na fedha za umma zirudishwe. Mbweha akikataa kutia saini, mtakuwa mmejua nia yake kabla hamjavunja vibubu vya watoto."

Ndege wa Atlanta, ambao viunga vyao vya kaskazini vimekwisha kuchora ramani za kumbi mpya wakitumaini ngoma ya tatu, waliyaandika maneno hayo. Bundi wa Quebec wakayaandika. Kobe wa Phoenix, wanaotajwa tena kwenye karatasi ya Kulungu, wakayaandika mara mbili.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la Mbweha limejaa kwa sababu vijiji vilidhani kuandikiana ni kutoaminiana, na kwamba anayependa haombi saini. Anayependa ndiye anayepaswa kuiomba, maana ndiye atakayeumia. Houston, Atlanta, Phoenix na Quebec bado zinasubiri kuitwa na Baraza. Siku zitakapoitwa, ziende na fedha ikibidi, ziende na nyimbo kwa hakika, na mkononi ziwe na mkataba uliokwisha kuandikwa na wenyeji wenyewe.