Hongera kwa Mhariri wa Usiku

Sisi wa Mazwi tuna bahati. Ofisi moja hapa mjini imepata kijana wa kompyuta asiyependa kazi za mikono. Faili la /etc/hosts kwenye seva ya Linux lilitaka kubadilishwa mstari mmoja. Mtu wa kawaida angelifungua kwa nano, akabadilisha, akaenda kunywa chai. Yeye, kwa kuokoa muda, aliandika skripti wiki nzima.

Na ni skripti yenye adabu. Haiulizi kwa grep kama mstari umeshaandikwa. Kudadisi ni umbea. Kila usiku wa manane cron inaiamsha, nayo inaongeza mstari uleule kwa alama za >>, maana jambo jema hurudiwa. Faili limetuna kama gunia la maharage la lumbesa.

Amri yake ya sed nayo haina ubaguzi. Ilitumwa kugeuza 10.0.0.1 iwe 10.0.0.2, ilipoikuta printa ya 10.0.0.15, ikaihamishia 10.0.0.25. Watumishi wengine husubiri uhamisho miaka. Printa imeupata kwa kufumba na kufumbua, ingawa yenyewe bado haijapewa taarifa.

Wenye wivu wanasema angeandika -i.bak ili nakala ya zamani ibaki. Ya nini? Nakala ni ya watu wenye wasiwasi.

Tunasikia sasa atakabidhiwa hata seva ya mishahara. Tunampongeza mapema. Dukani pia tumeshaomba daftari la mkopo, mapema vilevile.