Sifa za Herufi Isiyosema Kitu

Nasimama kuisifu herufi tupu inayobandikwa kwenye kichwa cha treni, pamoja na ndugu yake namba. Mgeni akizitazama haambulii kitu. Wenye haraka huziita kero. Mimi naziita waungwana, kwa kuwa haziahidi chochote.

Huku kwetu Malindi ya Lushoto (si ile ya Kenya, wala ile ya bandarini Unguja, ingawa tumezoea kuulizwa bei ya samaki) gari huweka kibao kwenye kioo cha mbele chenye jina la mahali liendako. Jina ni ahadi, na ahadi ni deni. Gari la Malindi hutoka stendi ya Lushoto limejaa hadi mlangoni. Likifika Magamba abiria wamebaki wanne, basi konda anapiga bodi makofi mawili na kutangaza kwamba gari linageuza. Mama mmoja anateremshiwa gunia lake la mbolea, ukungu wa msituni unamwingia shingoni, naye anakinyooshea kidole kile kibao: “Si mmeandika Malindi?” Konda hana la kujibu. Lakini kingeandikwa 7 angejibu kifua mbele: “Mama, kwani saba ilikwambia inaishia wapi?”

Mabingwa wa uungwana huu wako New York. Kule treni za chini ya ardhi nyingine zina namba na nyingine herufi, na ukiuliza kwa nini utaambiwa habari za unene. Njia ya kwanza, iliyofunguliwa 1904, ilichimbwa kwa mabehewa membamba; kampuni nyingine zikaja na mabehewa mapana. Jiji likaziunganisha zote mwaka 1940, ila mahandaki hayakukubali kuunganishwa. Hadi leo namba ni za wembamba na herufi, karibu zote, ni za wanene. Namba 8 ilifariki 1973. Namba 9 ilianza kazi 1989 ikastaafu 2005, na ndugu zao 1 hadi 7 wanaendelea bila kuvaa msiba. S ziko tatu, kila moja na mtaa wake, wala hazijuani. Ukiona 7 ndani ya duara, hiyo inasimama kila kituo. Ukiiona ndani ya almasi, inaruka. Abiria akipitilizwa kwake hana konda wa kumtukana, atailaumu jiometri.

Msidhani ni mambo ya mbali. Unguja, 505 imewafikisha wengi uwanja wa ndege, na Nairobi ukitaja 46 watu wanajua unakwenda Kawangware. Namba haikuwaeleza, wameishi nayo mpaka imekuwa jamaa.

Basi nami napendekeza tuwekewe herufi milimani. Tuanze na herufi ya kwanza ya kila mji, kama watu wenye akili. Malindi: M. Mlalo: M. Mtae: M. Mlola: M. Magamba: M. Kule bondeni, Mombo: M. Sioni ubaya wowote! Kila gari litakuwa M, na kuanzia siku hiyo hakuna konda katika Usambara nzima atakayeitwa mwongo.

Wapinzani watasema tuige Tokyo. Walipoweka herufi mwaka 2004, njia ya Marunouchi iliwahi M, na njia ya Mita ikalazimika kuchukua I, herufi yake ya pili. Sawa, tujaribu. Mlalo na Mlola zitapigania L. Mtae itapata T na kukaa kwa raha mwisho wa barabara. Malindi na Magamba zitagombania A, kesi ambayo naiona ikifika wilayani na kulala huko. Mombo itaangukiwa na O, na hapo New York wangetikisa kichwa: wao hawatumii O wala I, zisije zikadhaniwa sifuri na moja. Fikiria, katika orodha yote hiyo mji pekee wenye reli ndio upewe sifuri, nao ulifikiwa na reli ya kutoka Tanga 1905, mwaka mmoja tu baada ya New York kuzindua ile yake ya mahandaki. Watu wa Mombo wapewe M yao bila mjadala. Sisi wa juu tutaendelea kugombana.