Tanga Halijachakaa

Shangazi wa bibi harusi hajaitikia salamu mpaka leo. Juzi alikutana na mtunzi wa wimbo wa harusi ile sokoni Kilwa Masoko. Mtunzi kasema shikamoo, shangazi kainamia fungu la dagaa na kuuliza bei.

Kisa ni mstari mmoja wa taarabu: "Jahazi latia nanga, tanga halijachakaa." Ulikuwa wa kumsifu bibi harusi. Bahati mbaya ile ilikuwa ndoa yake ya pili, na ukumbi mzima ukaelewa kwamba tanga limeshasafiri, ila bado lina uhai.

Mtunzi anajitetea kwa hesabu. Mstari una mizani 16: nane huku, nane kule. Ja-ha-zi-la-ti-a-na-nga. Ta-nga-ha-li-ja-cha-ka-a. Na mizani haihesabiwi kwa herufi, inahesabiwa kwa sikio: m ya "mke" inasimama peke yake, imo kwenye hesabu; ya "mbuzi" imeshikana na b, haimo. Halafu kuna vina. Mstari wa juu ulikwisha na "kukaa", basi wa chini nao sharti uishie -kaa. "Tanga jeupe lang'aa" lina mizani nane vilevile na halimuudhi mtu, lakini -ng'aa si -kaa. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi aliisimulia Vita ya Majimaji ya 1905 hadi 1907 kwa utenzi, uliochapishwa kitabu 1957: mizani nane kila mshororo, mishororo mitatu ina kina kimoja, wa nne unabeba kina cha utenzi mzima. Kama vita ilisimuliwa bila kuvunja kina, mtunzi akivunje kwa harusi?

Ukumbini hoja hiyo haikupata wakili. Kwenye taarabu, anayetunza ndiye mwenye wimbo kwa dakika ile. Mama mmoja wa upande wa bwana harusi akainuka, noti ya elfu kumi juu juu, akaenda akicheza hadi kwa mwimbaji huku macho yako kwa shangazi. Mwimbaji akaurudia mstari. Upande wa pili nao wakatunza ili aruke ubeti, akapokea, akarudia. Tanga lilichakaa palepale.

 

Mwimbaji aliondoka na kibindo kimejaa. Mtunzi aliletewa pilau, ya ukoko. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi yake maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Harusini haimlindi hata kwa nyama. Jina lake halikutajwa, isipokuwa na shangazi.

Wiki hii kaja mteja mwingine, anataka wimbo wa kumtoa mwali. Aliposikia bei alishtuka.

"Mwalimu, kwani si maneno tu hayo? Na spika tumekodi kwa hela nyingi."